Hodi Penye Seng'enge

Bwana Shekue alikuwa amebakiza waya mmoja tu wa seng'enge kuifunga njia ya miguu inayotoka ufukweni, ikakatiza kiwanja chake kipya na kupanda hadi kwenye magofu ya msikiti wa kale juu ya jabali. Kiwanja amekinunua uzeeni kwa jasho lake, na hakutaka watalii wapite nyuma ya jiko lake kila uchao.

Alikuwa ameinama akigongomea msumari aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake.

"Hodi!"

"Karibu," akajibu kabla hajageuka, kama alivyojibu maisha yake yote.

Alikuwa Bi Mwanakheri, ajuza anayetembeza wageni magofuni. Wageni wenyewe walisimama nyuma yake, viatu mikononi.

"Ahsante, mwanangu. Nimeambiwa umekuwa mkali, kumbe wanamsingizia mtu."

"Bibi, njia nimeifunga. Huoni waya?"

"Nauona. Ndiyo maana nikabisha hodi. Zamani tulipita kimya, hapakuwa na mwenyewe. Leo mwenyewe yupo, na amenikaribisha. Utanirudisha mlangoni?"

Shekue alitazama miguu ya ajuza, imejaa mchanga hadi vifundoni. Kumkaribisha mtu kisha kumfukuza, yeye hakulelewa hivyo.

Akakanyaga waya wa chini, akainua wa juu. Wakainama, wakapenya mmoja mmoja.

"Na tukirudi?" akauliza Bi Mwanakheri kutoka upande wa pili.

Wa mwisho alikwishapita, naye Shekue bado ameuinua ule waya.