Kuchakuro Apelekwa Ng'ambo

"Karanga hizi nimeziokota!" alifoka Kuchakuro.

"Umeziokota ndani ya ghala langu?" Hakimu Ngiri akamkemea. "Mwizi mkubwa! Utapelekwa kisiwa cha mchanga, ufie huko!"

Kasa akamvusha mgongoni, pamoja na kikapu kimoja cha karanga alichopewa kiwe chakula chake. Kwa kuogopa njaa, Kuchakuro alizifukia zote upesi, na kama ilivyo desturi ya ukoo wao, akasahau alikozifukia. Alishinda akitafuna mizizi na kulia. Mvua iliponyesha, kisiwa kizima kikaota karanga.

Miaka ikapita, ukame ukalikausha bara. Siku moja Ngiri akabisha hodi, mbavu zinahesabika.

"Mwanangu, nimekuletea msamaha. Rudi nyumbani."

Kuchakuro akamfungulia mlango. "Msamaha uache hapo nje, mzee. Ingia ule kwanza."