Ng' ya Ng'ombe

Zimebaki dakika kumi tumkabidhi mteja plagini yangu, programu ndogo ya kupokea maoni kwenye blogu yake. Kwa jaribio la mwisho naandika jina langu kama mama anavyoliandika: Chelang'at.

Blogu nzima inazimika.

Kosa nalijua palepale. Kile kialama cha ng' ya ng'ombe kimeingia hadi kwenye hifadhidata bila kukaguliwa, nayo ikakisoma kama sehemu ya amri. Mtu mwenye nia mbaya angepitia mlango huohuo akafuta kila kitu. Na mimi, miezi mitatu, nimejaribu kwa "John" na "Mary" tu!

"Si utoe tu hiyo alama?" anasema bosi, Mkenya mwenzangu. "Hata beji yako haina."

Kweli haina. Niliiacha kwenye fomu ya kwanza niliyojaza hapa Sydney, iliponiambia kwa maandishi mekundu kwamba jina langu si sahihi.

"Mwambie mteja asubiri hadi saa tisa," namjibu.

"Nimwambie kuna shida gani?"

"Mwambie plagini bado haijui majina ya watu."

Narekebisha kila mahali inapopokea maandishi. Naandika jina tena, nabonyeza. Linatokea lote.

Navua beji shingoni na kumwomba bosi kalamu.