Kadi ya Marehemu

Apollinarie alimfunga kijana vifungo vya shati kwa mikono yake mwenyewe, akamtengenezea kola, kisha akamuuliza kwa mara ya tano:

"Weye jina yako nani?"

"Ndayiragije, mama."

Jina lake la kweli lilikuwa Thierry, dereva wa pikipiki kutoka Nyamianda. Bomu lilikuwa limeteketeza nyumba yake, vitambulisho na nduguze wote. Walikutana jana barabarani, katika umati uliokuwa ukikimbia Uvira kuelekea Burundi. Vita ni vya Kongo, lakini hofu ilishavuka mto kitambo. Askari wa ng'ambo walikuwa wakimsaka mwasi aliyerusha guruneti sokoni kwao, wakikagua wanaume mmoja mmoja. Asiye na kadi alirudishwa kwenye risasi.

Apollinarie alikuwa na kadi ya mpiga kura ya mwanawe, katekista, ambaye, kwa maneno yake, alikufa kwa kipindupindu kule Kamanyola. Picha ilikuwa imefutika, kama zinavyofutika za kadi hizo zote. Lilibaki jina tu. Akampa Thierry kadi ile, shati la marehemu, na nusu ya muhogo wake. Thierry alilia. Tangu mama yake mzazi afe, hakuna aliyemtendea wema wa namna hiyo.

Wakapanga foleni. Nyuma yao alisimama mtu mwenye ndevu aliyembebea Apollinarie godoro, uso wote umefichwa nalo. Njia nzima hakuulizia hata ujira.

Askari alisoma kadi. Akatazama karatasi yake. Akaisoma kadi tena, na mara askari wakawa sita.

"Mama," Thierry akasema, mikono tayari imefungwa nyuma, "uwaambie minye ni nani."

Apollinarie akamkumbatia, akalia kwa sauti hadi watu wakageuza nyuso.

"Huyu iko mutoto wangu," akawaambia. "Ni minye nilimuzaa. Musimuue."

Wakamkokota nyuma ya kibanda. Mkubwa wao, kwa furaha, akaamuru kizuizi kiinuliwe: aliyetafutwa amepatikana, wengine wapite bila kukaguliwa.

Upande wa pili mbebaji alilitua godoro. Thierry alikuwa bado anaita mama; Apollinarie hakugeuka. Alimpangusa mbebaji vumbi, akamtengenezea kola.

"Weye jina yako nani?"

"Thierry, mama," akajibu Ndayiragije.