Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Msimu mzima wa ligi kuu ya mbio za pikipiki, Bi Tausi ndiye aliyemfunga mwanawe kiatu cha chuma, kile ambacho waendeshaji huburuza chini kwenye kona, kwa kuwa pikipiki za mbio hizo hazina breki. Hamduni hakukubali mkono mwingine.

Siku hiyo ilibaki mbio moja tu, na kama Hamduni asingeshinda, timu yao ingeshuka daraja. Kengele ya dakika mbili ilipolia, ambazo zikiisha asiyefika mstarini huachwa, Bi Tausi alipiga magoti, akaubonyeza mguu wa kushoto wa mwanawe, uliovunjika mwezi uliotangulia. Hamduni hakushtuka. Akaubonyeza kwa nguvu zaidi.

"Unausikia mkono wangu?"

"Nausikia, mama. Funga."

Mkono, Bi Tausi alikuwa amekwisha kuuondoa kabla ya kuuliza.

"Wamekuchoma sindano ya ganzi."

"Mara hii tu, mama yangu."

"Bi Tausi, fanya hima!" nahodha alipaza sauti. "Unamfunga kiatu au unampaka hina?"

Bi Tausi aliketi chini, akakipakata kiatu na kukifunika kwa khanga yake.

"Nichukie, mwanangu," alisema. "Nichukie ukitembea kwa miguu miwili."

Dakika mbili zikaisha. Pikipiki tatu zilichomoka, na mashabiki wa timu yao wakaanza kuondoka kabla hazijamaliza mzunguko wa pili. Hamduni alisimama kando ya uzio, amempa mama yake mgongo. Pikipiki yake iliendelea kunguruma peke yake, na hakuna aliyethubutu kwenda kuizima.