Lifti ya Abu Nayef

"Mwambie abomoe ile ngazi," alisema Abu Nayef kwa Kiarabu, huku akitafuna tende. "Aweke lifti. Ya vioo."

Beldina aliisogelea simu na kusema kwa Kiingereza, "Bosi anasema ngazi isiguswe hata jiwe moja."

Huko Skotlandi, Allan, msanifu majengo, alishusha pumzi. "Mwambie Mungu ambariki."

"Anasema sawa," Beldina akatafsiri.

Abu Nayef wa Riyadh alikuwa amenunua mnara wa kale wa mawe huko Skotlandi: ghorofa nne, kuta nene kama urefu wa kitanda, na ngazi inayojizungusha hadi juu. Alitaka ufanane na hoteli. Kiingereza hakukijua. Mkewe, Madam Amal, hata salamu ya Kiingereza haikuwahi kumtoka kinywani. Ndipo Beldina, mfanyakazi wao wa ndani kutoka Siaya, mwenye Kiarabu cha miaka sita jikoni, akapandishwa cheo kuwa mkalimani. Vyombo viliendelea kumsubiri kwenye sinki.

Hakupanga kudanganya. Lakini baba yake alikuwa mwashi, na kanisa la mawe la kwao lilipigwa plasta ya saruji, likafungiwa unyevu, likaoza kutoka ndani kama jino. Siku Abu Nayef alipoagiza saruji, ulimi wa Beldina ulisema "chokaa" kabla hajauzuia. Baada ya hapo ikawa mazoea. Bosi alitaka lango la rangi ya dhahabu. Allan akasikia la mbao. Madam Amal, aliyezoea kukaa pembeni na kahawa yake, siku hiyo alipaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Kisha Allan akaja Jeddah, kutazama nyumba ndefu za mawe ya matumbawe zinazokarabatiwa Balad, mji mkongwe wa huko.

"Yalla, twende tukaonane naye," alisema Abu Nayef. "Aje na mchoro."

Beldina alifungasha kila alichokuwa nacho, hata mwiko wake wa ugali. Aliona wazi kwamba safari hii ingemfikisha uwanja wa ndege, na si kwa likizo.

Walikutana mkahawani, Balad, Madam Amal akiwa pembeni na kahawa yake. Allan akakunjua mchoro mezani. Ngazi ile pale, imejikunja kama konokono.

Abu Nayef aliutazama mchoro, akaugeuza juu chini, akautazama tena. "Lifti iko wapi?"

Allan alidhani anasifiwa. Akamshika Abu Nayef mkono kwa mikono yote miwili. "Mwambie ni yeye aliyeuokoa mnara huu!"

"Anasema nini?" Abu Nayef akamgeukia Beldina.

Beldina akafungua kinywa. Midomo ilicheza tu, kama ya samaki sokoni.

"Msichana ameongea polepole, hukumsikia," Madam Amal alimwambia mumewe. "Lifti imo ndani ya ukuta. Kwao ni aibu kuichora."

Abu Nayef alitafakari, kisha akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Watu wenye haya," alisema, akainuka kwenda kuswali Alasiri.

Madam Amal alisubiri mpaka mgongo wa mumewe ulipopotea mlangoni. Halafu akamsogelea Allan, na kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha Beldina, akauliza:

"Ile chokaa, imekauka vizuri?"