Vizibo vya Namelok

"Yamekwama tena!" nilisema, nikataka kuichana ile karatasi.

Tulikuwa tumechora josho jipya la ng'ombe la kule chini ya Mlima Meru, lenye mageti ya kujiendesha: miduara ndiyo mazizi, mistari ndiyo mageti, maharage ndiyo ng'ombe. Kila tulipoyasogeza maharage, geti hili lilisubiri lile, na lile likasubiri hili. Kesho yake mifugo halisi ingeingia.

Mwanafunzi wangu Namelok aliviringisha harage moja kati ya vidole.

"Mwalimu, mageti yetu yanahesabu tu. Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Anajulikana."

Akakusanya vizibo vya soda, akaviweka mahali pa maharage, na kimoja baada ya kingine akachora ndani yake mchoro mdogo wenye sheria za ng'ombe wake: huyu hupita pamoja na ndama wake, huyu mgonjwa, apite peke yake. Mchoro ndani ya mchoro! Nimefundisha miduara hii hadi mvi zimeniota, na wazo hilo halikunijia hata ndotoni.

Akavisogeza. Mageti yakafunguka, moja baada ya jingine.

Kikabaki kizibo kimoja kitupu, cha ng'ombe ambaye tabia yake hakuwa na hakika nayo. Namelok akampigia simu mama yake nyumbani.

"Yeyo, shikamoo. Yule dume mwekundu, akifika mlangoni huwa anafanyaje?"

Nikamsogezea kalamu.