Sabuni ya Paka

Palikuwa na Paka msafi hadi kero. Kabla ya kupanda mche wa nyanya, aliiosha mizizi kwa sabuni mpaka ikang'aa kama meno ya mgombea kwenye bango. Hata hivyo, ugonjwa wa mnyauko ukalilaza shamba lake lote. Ikabaki miche michache, imeshaoshwa, inasubiri kupandwa. Hiyo nayo ikifa, wanawe watalala njaa.

Jirani yake Ngiri, mvivu asiyenawa hata uso, alikuwa na nyanya nyekundu tele.

"Braza, unatumia uchawi gani?" Paka akamuuliza.

"Uchawi nao ni kazi, sista. Mimi napanda na matope yake, basi. Chimba ujionee."

Paka akachimba, akanusa mzizi. Mzizi ukamcheka.

"Nani huyo?"

"Sisi bakteria," zikajibu sauti ndogondogo. "Tunaishi hapa, mzizi unatulisha. Ugonjwa ukibisha hodi, tunautimua."

"Mbona kwangu hamji?"

"Tulikuwako, bosi! Ukatutoa kwa sabuni. Umewafuta kazi walinzi wote, halafu unashangaa mwizi kaingiaje?"

Paka akauliza kwa upole, "Je, mtarudi?"

"Tutarudi. Sabuni je?"

Paka akaitupa. Akaichovya miche yake ya mwisho kwenye matope ya Ngiri, macho kayafumba kwa kinyaa. Miche ikashika, ikazaa.

Mpaka leo Paka hujiramba mwenyewe kutwa nzima, lakini mizizi haigusi.